Ng'ombe Ndani ya Dosie ya Malori

"Sikusema umeiba, shemeji. Nimesema tu uizime."

"Na mi nimesema haizimwe."

"Kila dakika tunayobishana hapa, ile mashini iko inaandika juu ya picha za batu. Iko inazifukia. Unaelewa?"

"Minaelewa kitu kimoja tu, Mama Aimée. Lori yangu iko mu njia ya Pinga. Ile mashini njo macho ya dereva. Siwezi kumufunga macho juu ya picha za ng'ombe."

Adrienne Kanyere alikuwa bado na buti za matope miguuni. Alikuwa ametoka Kashuga asubuhi hiyo kwa pikipiki, kwenye mazishi ya mama wa rafiki yake, na huko hakuna aliyelala. Alitaka chai, maji ya moto ya kunawia miguu, na ukuta wa kuegemea. Badala yake alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma cha duka la Katembo Archange, kaka mkubwa wa mume wake, kati ya magunia ya chumvi na mabati ya kuezekea, akimwomba mtu mzima aondoe mwili wake mbele ya waya wa umeme.

Katembo hakuondoka. Alikuwa mtu mpana, na alijua kuutumia upana wake.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Ulikuwa mwaka 2012, na Kitshanga, mji mdogo wa milima ya Masisi mashariki mwa Kongo, ilikuwa imejaa watu waliokimbia milima yao, wengine kwa mara ambayo hawakuihesabu tena. Katembo, mwenyeji wa Butembo, alikuwa na malori yaliyokwenda Walikale na kurudi, vita au pasipo vita. Ili kuyafuata alinunua programu kwa fundi mmoja wa Goma, iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Programu hiyo ilikaa ndani ya seva ya Java, yaani programu mama inayozibeba nyingine tumboni, ikizifungua na kuzihudumia. Simu ndogo iliunganishwa kwa waya na mashini, kompyuta ya duka. Dereva akipata mtandao anatuma ujumbe, seva inausoma na kuwapelekea wenzake habari ya njia. Na kwa kuwa kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, wenye bunduki husoma simu za watu, madereva hawakuandika habari za njia. Waliandika habari za nyumbani. "Mutoto analala vizuri" maana yake njia ni nyeupe. "Mutoto iko na homa" maana yake kuna bariere yenye uchokozi. "Tumemupeleka hospitali" maana yake geuza lori, rudi ulikotoka. Maneno hayo aliyatunga Katembo mwenyewe, na aliyaonea fahari.

Programu ya pili, ya ng'ombe, ilikuwa ya Adrienne. Aliiandika kwa PHP, lugha aliyofundishwa Butembo alipokuwa akisomea diploma yake, kwa sababu wafugaji walimwomba. Mtu wa Masisi akikimbia na kuingia kambini hawezi kuingia na ng'ombe. Anamwacha kwa mchungaji huko juu, na kila bunduki zikilia mchungaji anahamisha kundi zima, la huyu na la yule, mlima hadi mlima. Mwenye ng'ombe anabaki chini ya shitingi, turubai la kambini, bila kujua kama mali yake inapumua. Basi wachungaji wakaanza kupiga picha kwa simu zao, na siku ya soko wanaleta kadi zenye picha hizo. Adrienne anazipakia. Wenye ng'ombe wanakuja kuwatazama kwenye kioo kama mtu anavyokwenda kumwona mgonjwa hospitalini. Wengine waliongea nao.

Sasa, mashini inayowaka siku nzima kwa betri ilikuwa moja, na ya zamani. PHP kwa kawaida inataka seva yake yenyewe, na seva mbili kwa pamoja zilikuwa zinaizimisha mashini kila baada ya muda. Adrienne akatafuta njia. Akapata kipande cha programu kinachoifundisha seva ya Java kusoma PHP, akakiweka ndani ya programu ya malori, akatengeneza dosie ndogo, yaani folda, humo humo, na ng'ombe wakahamia. Ilifanya kazi vizuri, hata Katembo alisahau kwamba nyumbani kwake kuna wageni.

Lakini PHP ina tabia yake. Inaweka vitu vyake pale pale inapoishi, kando ya kurasa zake, kama mama anayefungasha nguo chini ya kitanda. Seva ya Java haijui mambo ya kuishi. Kwake dosie ni kitu ilichokifungua kutoka kwenye kifurushi, na siku kifurushi kipya kikija, inafagia dosie ya zamani yote na kufungua mpya. Haiulizi nani alilala humo. Adrienne alilijua hilo. Kurasa zake alikuwa na nakala yake kwenye flashi. Picha zilikuwa nzito, na kila juma alisema juma lijalo.

Asubuhi hiyo, yeye akiwa njiani kutoka Kashuga, flashi ya fundi wa Goma ilifika na kifurushi kipya. Katembo alichoka kumngojea. Akampigia fundi simu, akaambiwa weka hapa, bonyeza pale, akaweka na kubonyeza. Malori yakatokea kwenye kioo, mazuri kuliko jana. Ng'ombe wote wa Masisi wakatoweka.

"Wewe njo ulipanga mu nyumba yangu bila kubisha hodi," Katembo alisema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia 'nitaweka kitu kidogo kando.' Kando! Haukusema mu kitanda yangu."

"Kama ningekueleza ungeelewa?"

"Apana. Lakini ningekataa."

Kwenye gunia la maharagwe, karibu na mlango, Thacienne Murekatete alicheka kidogo bila kutaka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo aliyejifunga kitenge hadi kifuani juu ya sweta, na alikuwa amekaa hapo tangu duka lifunguliwe. Alikuwa wa Kashuga, tangu kwa babu zake. Mume wake alikufa, shamba lake lilikuwa linalimwa na watu asiowajua. Kilichobaki ni ng'ombe mmoja, Bihogo, mwekundu wa kuelekea weusi, aliyepewa na baba yake siku alipoolewa. Kambini wenzake walimwita mama wa ng'ombe, nusu kwa utani na nusu kwa heshima. Siku ya kurudi nyumbani, kama ingekuja, yeye angerudi na kitu cha kuanzia.

Bihogo huyo alikuwa amepatikana. Hayuko mbali, yuko nyuma ya soko, katika ua uliozungushiwa uzio, lupango la Kanyamibwa, mfanyabiashara wa ng'ombe, pamoja na wengine wanaongojea kupelekwa Goma kwa mchinjaji. Thacienne alimtambua, akapiga kelele, komite ya wafugaji ikaitwa. Mchungaji aliyemtunza alikuwa amekimbilia Walikale na simu yake haipatikani. Ndugu wa mdai hawakubaliwi kuwa mashahidi. Hiyo ni desturi ya komite, na ni desturi nzuri. Mzee Evode, anayeiongoza, akasema: kama kuna picha iliyopigwa kabla ya Kanyamibwa kununua, mama achukue ng'ombe wake. Kama hakuna, lori likifika ng'ombe anapanda. Na lori la kuwabeba lilikuwa hilo hilo la Katembo, lililokuwa njiani kutoka Walikale.

Picha ilikuwapo. Adrienne aliipakia kwa mkono wake.

"Nisikilize, shemeji," alisema sasa, akijaribu sauti anayoitumia kwa watoto wake wakiwa na homa. "Mashini ikifuta kitu haikichomi. Inaandika tu kwamba hapa pako wazi. Picha inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na ile programu yako haifungi mudomo. Ujumbe ukija inaandika, usipokuja inaandika kwamba haukuja. Niking'oa diski sasa hivi, nikiifunga ku ordinateri yangu, ile kompyuta ndogo, niko na programu ya kuchimbua. Pengine nitazipata nyingi. Kesho sitapata kitu."

"Pengine."

"Eeh, pengine. Sitakudanganya."

"Na Uwizeye? Yeye pia pengine?"

Uwizeye, dereva, alikuwa peke yake kwenye lori na utingo mmoja, na njia ya Pinga juma lile ilikuwa na bariere zinazohama kama mbuzi. Asubuhi ni watu hawa, mchana ni wale, jioni hakuna mtu ila magogo barabarani na moshi.

Mlango ukafunguliwa. Kanyamibwa aliingia na fimbo yake na kofia yake ya ngozi, akakung'uta mvua mabegani, akasalimia kila mtu kwa cheo chake.

"Bado munatafuta ng'ombe mu ordinateri? Ya kwangu iko mu lupango, inakula majani tu vizuri."

"Ile unaita yako njo yangu, Papa," Thacienne alisema.

"Mama, mi sikuiba. Nilinunua ku soko ya Masisi, jua ikiwaka, mbele ya batu. Aliyeniuzisha alisema iko yake. Ningemuuliza nini, cheti cha ubatizo ya ng'ombe?"

"Ya kwangu iko na alama nyeupe chini ya tumbo, sawa mukono ya mutoto. Na sikio ya kushoto imepasuka."

"Jana uliinama mu lupango yangu ukaangalia tumbo ya kila ng'ombe, nilikuona. Hata mi nikienda kuangalia tumbo ya ng'ombe ya gavana nitakuambia alama zake." Akacheka, kisha akaacha, kwa sababu hakuna aliyecheka naye. "Musinione mubaya. Komite ilisema picha, nami ninangojea picha. Mukinionyesha, nitamufungulia mi mwenyewe kamba, halafu nitaenda kumutafuta yule muntu wa Masisi. Musiponionyesha, anapanda. Lori inafika saa ngapi, Papa Katembo?"

"Mungu akipenda, mbele ya giza."

"Basi Mungu apende." Akavuta kofia, akatoka. Walimsikia akiruka matope huko nje na kumtukana mwenye pikipiki.

Thacienne alikuwa akitazama mikono yake. "Mama Aimée," alisema, "acha tu. Ng'ombe haiko muntu. Uwizeye iko na watoto. Watoto wake na wangu wanateka maji fasi moja."

"Nyamaza, Mama Thacienne."

"Minasema kweli. Mi nimeshazoea kuacha vitu."

Adrienne alikaa chini, juu ya furushi la mabati, ambalo ni kikalio kibaya kuliko sakafu. Sentensi ile ilimkaa vibaya. Angelia mtu, angetukana, yeye angejua la kufanya. Ana watoto wanne na ameamua ugomvi mwingi. Lakini mtu anayekuambia amezoea kuacha vitu, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, unamfanya nini? Na yeye mwenyewe alichoka. Alichoka na njia ya Mweso, na mazishi, na kuweka sabuni na vyeti vya watoto kwenye begi moja kila wakisikia mizinga, na kuvitoa tena. Alichoka kuwa mtu ambaye kila mashini ikikohoa anaitwa yeye. Kwa muda aliona ni sawa tu: lori lije, ng'ombe apande, yeye anawe miguu.

Katembo naye alikaa, kwenye kiti chake, mgongo bado mbele ya waya. Hakuonekana mshindi.

"Mbele ya hii mashini kuja ulikuwa unafanya gisi gani?" Adrienne aliuliza, si kwa kubishana tena, ila kwa kuwa swali lilikuwa mdomoni.

"Nilikuwa nashika simu. Asubuhi niko nayo, ku misa niko nayo, ku choo niko nayo. Muke wangu alisema nimuoe ile simu basi." Alisugua macho kwa vidole viwili. "Mashini haichoke, Mama Aimée. Siye njo tunachoka. Unanionea mubaya juu ya malori. Mi si malori ninaogopa. Minaogopa kulala wakati muntu ananiandikia."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema kitu ambacho hakikuwa amri. Adrienne alimtazama mtu huyu anayemdai kodi kwa macho kila asubuhi, aliyewapa chumba nyuma ya duka mume wake alipokwama Butembo, na akaona kwamba ndevu zake zimekuwa nyeupe upande mmoja.

Simu ndogo mezani ikatetemeka. Kioo kikaandika mstari mpya. Wote watatu wakainuka, hata Thacienne asiyejua kusoma vizuri.

*Mutoto alikuwa na homa kidogo, amekunywa dawa, sasa analala.*

"Amepita," Katembo alisema, na akafanya alama ya msalaba. "Wamemula pesa kidogo, lakini amepita. Iko Kalembe, njo fasi ya kwanza yenye mutandao toka Pinga."

"Kalembe," Adrienne alirudia.

Seva ikafanya kazi yake: ikapeleka habari kwa madereva wengine, ikaandika kwamba imepeleka, ikaandika saa, ikaandika kwamba imeandika. Taa ndogo ya diski iliwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Adrienne aliitazama kama mtu anavyotazama maji yakiingia chini ya mlango. Kila mwako ulikuwa sikio la ng'ombe wa mtu, au pembe, au alama nyeupe chini ya tumbo.

Akasimama.

"Shemeji, toka Kalembe mpaka Mweso mutandao iko?"

"Unajua haiko."

"Kwa hiyo Uwizeye hatakuandikia kitu mpaka Mweso. Hata ukimuandikia, haoni."

"Eeh. Na hao wengine?"

"Mumoja iko hapa inje, gurudumu yake iko mikononi ya fundi. Mwingine iko Walikale, anangojea mzigo. Ni muntu mumoja wa kuambia asitoke." Alikuwa tayari anaongea haraka, kama anavyoongea nyumbani akigawa kazi za asubuhi. "Mashini inaangalia njia ambayo hakuna muntu anaongea. Iko inajiandikia yenyewe. Ujumbe unaingia ku simu kwanza, shemeji, si ku mashini. Simu haihitaji mashini. Na yale maneno ya homa na hospitali, nani aliyatunga?"

"Mi."

"Basi."

Katembo alielewa kabla hajamaliza, na uso wake ukakunjamana. Akainuka, akaweka mkono juu ya mashini.

"Na nikilala?"

"Nitakaa na wewe. Diski inachukua muda mrefu kuchimbua, na mi siendi popote. Ukisinzia nitakupiga teke. Nimetamani kukupiga teke tangu asubuhi."

Thacienne aliweka kiganja mdomoni.

"Mama Aimée, minakuambia mbele ya huyu mama. Hii nyumba iko yangu. Ukigusa ile waya bila ruhusa yangu, kesho utatafuta fasi ya kulala na watoto wako."

Alisema hivyo bila kelele, na ndiyo maana Adrienne aliamini. Alifikiria chumba chao chenye vitanda viwili na ndoo ya maji. Alifikiria kambi, shitingi, baridi ya Kitshanga ya alfajiri. Alimfikiria Aimée, binti yake mkubwa, akikunja blanketi bila kuuliza, maana watoto wa vita hawaulizi, wanakunja tu. Alimtazama mwanamke wa Kashuga aliyezoea kuacha vitu. Kisha akaona kwamba ameshaamua, na kwamba kilichobaki ni mikono.

"Kesho nitatafuta," alisema.

Akachomoa waya wa simu kwenye mashini. Akamwandikia dereva wa Walikale kwa kidole gumba: *Mutoto asitolewe inje leo, kuna baridi. Ngojea neno ya baba yake.* Akautuma ujumbe, akaona umekwenda, akachukua mkono wa Katembo ule uliokuwa juu ya mashini, akaugeuza kiganja juu, akaiweka simu humo na yeye mwenyewe kuvifunga vidole vya shemeji yake, kimoja kimoja, kama anavyompa mtoto mdogo sadaka ya kupeleka mbele.

"Shika. Usiiweke chini."

Katembo aliishika. Labda angeweza kumsukuma kwa mkono mwingine. Lakini macho yake yalikuwa yameshashuka kwenye kile kioo kidogo, na kwa kuwa amekitazama hakuthubutu tena kuinua kichwa.

Adrienne hakuizima mashini kwa utaratibu. Ukiizima kwa adabu inaandika mengi ya kuaga. Alipita pembeni ya tumbo la shemeji yake, akapiga goti kwenye vumbi la chumvi, akapeleka mkono nyuma ya meza, akaupata waya mnene uliotoka kwenye betri, na akauvuta kwa nguvu.

Kioo kikawa cheusi. Feni ikazunguka kwa uzito, ikapunguza, ikasimama, na wote wakasikia mvua juu ya bati ambayo hawakuwa wameisikia.

"Mama Thacienne," Adrienne alisema kutoka chini ya meza, "nipe ile bisibisi iko juu ya dirisha."